Namna ya kusoma takwimu za matumizi ya shaba duniani

Anayeishi Lubumbashi, katika eneo la Katanga nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huiona shaba ikiondoka kila siku: mabamba ya kathodi, yaani shaba iliyosafishwa, yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma, yamepangwa juu ya malori yanayoelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kwa kuwa ajira nyingi za Katanga hutegemea viwanda vya ng'ambo vinavyonunua mabamba hayo, inatupasa kujua kuzisoma takwimu za nchi zinazoyatumia.

Kwanza, uliza takwimu uliyo nayo inahesabu nini. Matumizi ya shaba iliyosafishwa huhesabiwa pale kiwanda kinapoyeyusha kathodi ili kutengeneza waya au bomba, si pale mtu anapowasha taa nyumbani kwake. China hutumia zaidi ya nusu ya shaba yote iliyosafishwa duniani, lakini sehemu yake hutoka tena nchini humo ikiwa ndani ya viyoyozi na mota, na nyingine huturudia sisi wenyewe ndani ya transfoma na nyaya za umeme, ingawa vitabuni huandikwa kwa jina la China.

Kisha chunguza hesabu yenyewe, kwa maana hapa ndipo wasomaji wengi hupotea. Huchukuliwa uzalishaji wa nchi, hujumlishwa shaba iliyoagizwa, huondolewa iliyouzwa nje, halafu hurekebishwa kwa mabadiliko ya akiba iliyo ghalani. Akiba ikisahauliwa, jibu huharibika. Mwaka 2025 wafanyabiashara waliingiza Marekani shaba nyingi kupita kawaida kwa kuhofia ushuru mpya, ikarundikana katika maghala. Asiyeiondoa akiba hiyo ataamini kwamba viwanda vya Marekani vimepanuka ghafla, jambo ambalo halikutokea. Kwa China uwe mwangalifu zaidi, kwa sababu serikali yake huweka akiba ambayo kiasi chake hakitangazwi. Ndiyo maana mimi siamini takwimu ya mwezi mmoja. Linganisha miaka kumi au zaidi, ukianzia, kwa mfano, miaka ya mwanzo ya 2000, China ilipoipita Marekani kwa matumizi.

Usiache kugawanya kwa idadi ya watu. China na India zina watu takribani bilioni 1.4 kila moja, lakini matumizi ya China ni karibu kilo 10 kwa kila mtu, na ya India ni kama kilo moja. Pengo hilo ndilo la kufuatilia kwa anayetaka kujua wanunuzi wapya watatokea wapi.

Kwa aluminiamu na zinki njia ni hiyo hiyo. Kobalti, ambayo sehemu yake kubwa duniani huchimbwa nchini mwetu, inahitaji tahadhari ya pekee: usikadirie matumizi yake kwa kuhesabu magari ya umeme yaliyouzwa, kwa sababu mengi ya magari ya China sasa hutumia betri za chuma na fosfeti, zisizo na kobalti hata kidogo. Tafuta kwanza aina ya betri, ndipo uhesabu magari.