Kupima athari ya mrututu kwa samaki kwa video na kompyuta

Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wamepulizia mibuni dawa za shaba, kama mrututu (salfeti ya shaba), kwa miongo mingi, na mvua ikinyesha baadhi ya shaba hiyo huteremka mtoni. Samaki anaweza asife. Lakini shaba huharibu uwezo wake wa kusikia harufu, hata ngozi ya mwenzake aliyejeruhiwa ikitoa ishara ya hatari, yeye haipati. Mabadiliko ya namna hii ni madogo mno kwa macho, ndiyo maana natumia kamera. Nafanya hivi na vifaranga vya perege vya sentimita 3 hivi. Kabla ya yote, pata kibali cha taasisi yako cha kutumia wanyama.

Hatua ya 1: Maji na dawa

Maji ya bomba yana klorini. Yaache siku nzima kwenye ndoo wazi yenye pampu ya hewa. Yeyusha miligramu 393 za mrututu (zile fuwele za buluu) katika lita 1 ya maji yasiyo na madini. Hapo una miligramu 100 za shaba. Mililita 5 za mchanganyiko huo kwenye tangi la lita 10 zitakupa mikrogramu 50 za shaba kwa lita. Pima na ugumu wa maji, maana maji magumu hupunguza ukali wa shaba.

Andaa matangi kadhaa ya shaba na mengine kama hayo ya maji matupu. Samaki 10 wa tangi moja si vipimo 10, kwa sababu wote wanaoga maji yale yale. Kinachohesabiwa ni tangi. Mwombe mwenzako ayabandike namba ambazo maana yake anaijua yeye peke yake, ili wewe usijue lipi lina shaba.

Hatua ya 2: Kurekodi

Tumia beseni jeupe lenye maji ya kina cha sentimita 5, ili samaki asipate nafasi ya kupanda na kushuka. Kamera ikae juu, wima. Taa zielekeze ukutani, zisimulike maji moja kwa moja, la sivyo kompyuta itafuata mng'ao badala ya samaki. Umeme wetu ni wa hezi 50 na taa nyingi humeta mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo weka fremu (picha moja moja za video) 25 kwa sekunde: 100 inagawanyika kwa 25, hivyo kila fremu hupata mwanga sawa. Funga fokasi na mwangaza visijibadilishe vyenyewe. Laza rula kwenye kina anachoogelea samaki, upige picha yake.

Mtoe samaki mmoja tangini, umtie beseni, mwache dakika 10 atulie, kisha rekodi dakika 10. Toka chumbani, kivuli chako kinamtisha.

Hatua ya 3: Kufuatilia

Natumia ToxTrac, programu ya bure iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Umeå, Sweden, kwa kazi hii hasa. Chora mpaka wa beseni, ingiza kipimo cha rula, kisha rekebisha kiwango cha weusi mpaka abaki samaki peke yake. Halafu itazame video huku njia iliyochorwa ikiwa juu yake. Usiruke hili.

Hatua ya 4: Kusafisha namba

Hapa ndipo matokeo mengi huharibika. Samaki akitulia tuli, nukta yake kwenye kompyuta bado hutetemeka. Tuseme inasogea pikseli 1 (kijinukta kimoja cha picha) kila fremu, na pikseli 10 ni sentimita 1. Dakika 10 zina fremu 15,000. Zidisha, utapata mita 15 za samaki ambaye hakusogea kabisa! Na kama shaba imewafanya watulie, mtetemo huo unafunika athari ile ile unayoitafuta. Rekodi kitu kisichosogea, kama kokoto nyeusi, uone kinatetemeka kiasi gani. Mwendo wowote usiozidi hapo uhesabu kuwa sifuri, kwa matangi yote sawasawa. Mruko wa sentimita 20 ndani ya fremu moja nao ni kosa la programu, ufute.

Linganisha umbali, muda wa kutulia na muda wa kukaa ukingoni, ukichukua wastani wa kila tangi. Ukimaliza ndipo umwombe mwenzako maana ya zile namba.

Maji ya shaba usiyamwage mtaroni. Yakusanye kwenye dumu lenye lebo, uyakabidhi kwa wanaoshughulikia taka za kemikali za maabara.