Somo: Kuonyesha kwa hamira jinsi seli inavyotambua chakula kabla ya kukua

Povu la hamira huwadanganya wengi. Hewa inatoka, chupa inachemka, mtu anasema seli zinakua. Kumbe seli inaweza kula sukari na kutoa hewa bila kugawanyika hata mara moja. Somo hili linatenganisha mambo hayo mawili, kwa vitu vya dukani Malindi au Lamu.

Vifaa: chupa nne safi za kioo za mililita 500, sukari, hamira kavu ya chenga, sirinji ya mililita 5 isiyo na sindano, pamba.

1. Supu ya hamira. Chemsha gramu 10 za hamira katika mililita 200 za maji kwa dakika 15. Seli zinakufa na kuachia asidi amino (vipande vya kujengea protini), vitamini na madini. Weka kwenye friji usiku kucha, kisha mimina polepole maji ya juu tu. Ukitikisa, machicha yatapanda na hutaweza kusoma matokeo.

2. Chupa. Kila moja ifikie mililita 200 za maji yaliyochemshwa na kupoa.
A: maji matupu.
B: sukari gramu 4 (kijiko cha chai kilichosawazishwa).
C: supu mililita 50, bila sukari.
D: sukari gramu 4 na supu mililita 50.

3. Mbegu. Koroga gramu 1 ya hamira hai katika mililita 100 za maji ya uvuguvugu, nyuzi 35 hivi. Yakipita 50 utaziua. Tia mililita 1 tu kwa kila chupa. Hapa ndipo wengi huharibu: wanatia kijiko kizima, maji yanatibuka tangu mwanzo, na hakuna tena kitu cha kupima.

4. Kungoja. Ziba kwa pamba, wala usikaze kifuniko. Hewa ikikosa njia, kioo hupasuka. Tikisa kila upitapo. Joto la ndani la nyuzi 28 hadi 30 linatosha. Usiweke chini ya mabati, mchana hupita 40. Wakati wa kusi mambo hukawia, ongeza saa kadhaa.

5. Kusoma. Baada ya saa 24, simamisha nyuma ya chupa karatasi yenye mstari mweusi. D huficha mstari, C huwa na ukungu hafifu, A na B mstari unaonekana wazi.

B ndiyo ya kutazamwa sana. Sukari imo, na seli inajua imo: kwenye utando wake, yaani ngozi yake ya nje, kuna protini mbili, Snf3 na Rgt2, ambazo haziingizi sukari bali hupeleka habari tu, ndipo seli inatengeneza milango ya kuipitisha. Lakini asidi amino hakuna. Kundi la protini liitwalo TORC1, ambalo huamuru seli ikue, liko kwenye vakuoli (mfuko wa akiba ndani ya seli), na bila asidi amino linanyamaza. Ribosomu mpya, yaani mitambo ya kuunda protini, hazijengwi, na seli inaanza kula viungo vyake chakavu. Jeni za TOR, zinazounda sehemu kuu ya TORC1, zilitambuliwa mwaka 1991 mjini Basel, Uswisi, kwa hamira hiihii, kupitia rapamycin, dawa inayoizima TORC1, iliyotokana na bakteria wa udongo wa Rapa Nui (Kisiwa cha Pasaka). Sisi pia tuna TORC1: kwetu hufanya kazi kwenye lisosomu (mfuko wa kumeng'enya ndani ya seli), na protini Sestrin2 huiarifu habari za asidi amino iitwayo leusini, CASTOR1 za nyingine iitwayo arginini.

Maswali ya wanachama

*Shela:* Asalaam aleikum mwalimu. Maji ya kisima chetu yana chumvichumvi. Yanafaa?

Wa aleikum salaam. Yanafaa, hamira huvumilia chumvi kiasi, ila hukua polepole. La lazima ni chupa zote nne zipate maji yaleyale. Ya mfereji yakinuka klorini, yachemshe bila kufunika.

*Malindi:* Mwalimu, na mafuta je? Nikitia tui la nazi, D itakua zaidi?

Hapana, dada. Mafuta ya nazi mengi ni yale yaliyoshiba, na yamefungamana kwa namna ambayo hamira haiwezi kuyatumia kwa urahisi. Inachohitaji kwa utando wake ni ergosteroli (kwake ni kama kolesteroli kwetu) na mafuta yasiyoshiba, na hivyo hujitengenezea yenyewe iwapo tu ina oksijeni. Andreasen na Stier walionyesha hitaji la ergosteroli pasipo oksijeni mwaka 1953. Kipimo chake ni protini Upc2: ikishika ergosteroli hutulia nje ya kiini, ergosteroli ikipungua huingia kiini na kuwasha jeni za kuitengeneza. Mafuta yasiyoshiba yana mlinzi wake, Mga2, anayehisi utando ukikaza. Kwa wanyama kolesteroli hupimwa na protini SCAP; ikipungua, SCAP huipeleka protini nyingine, SREBP, ikakatwe, kipande kiende kiini kuwasha jeni za kuitengeneza.

*Malindi:* Naweza kuliona hilo kwa chupa?

Kwa kiasi. Andaa D mbili. Moja iache wazi na uitikise. Ya pili ijaze hadi shingoni kwa mchanganyiko uleule, usiitikise, na hewa itoke kwa mrija uliozama kwenye maji. Tofauti ya siku ya kwanza ni ndogo, kwa sababu hamira ya dukani huja na akiba ya ergosteroli kutoka kiwandani. Kila baada ya saa 24 hamisha mililita 1 kwenye chupa mpya ya namna ileile. Kila seli ikigawanyika akiba hugawanyika nayo, na kufikia uhamisho wa pili au wa tatu ile iliyonyimwa oksijeni huanza kukawia. Haitasimama kabisa, kwa kuwa oksijeni kidogo hupenya kila unapofungua.