Jinsi ya Kuigiza Toba ya Scrooge Ili Watazamaji wa Dar es Salaam Waiamini

Kila mwaka Desemba inapokaribia, vikundi vya vijana wa parokia na sharika za Dar es Salaam hutafuta igizo la Krismasi la kuongezea lile la hori na wachungaji, na hadithi ya Ebenezer Scrooge, yule mfanyabiashara wa London mwenye mkono wa birika, inafaa sana kwa kazi hiyo. Charles Dickens aliichapisha tarehe 19 Desemba 1843 katika kitabu kidogo kiitwacho A Christmas Carol, na kwa kuwa mwandishi huyo alifariki mwaka 1870, hakimiliki yake imekwisha zamani na kikundi hakihitaji kumwomba mtu ruhusa ya kuitafsiri, kuifupisha wala kuiigiza. Katika hadithi hiyo, mkesha wa Krismasi, Scrooge anajiwa na roho watatu, wa Krismasi iliyopita, ya sasa na ijayo, wanaomwonesha maisha yake mpaka kaburini. Ugumu wa kuiigiza uko kwenye toba. Maigizo mengi ya hadithi hii humwonyesha mzee akiwa mkatili kwa muda wote, kisha anaoneshwa kaburi, anapiga magoti, analia, na dakika mbili baadaye anagawa zawadi. Watazamaji hupiga makofi kwa adabu, lakini mioyoni mwao wanajua kwamba mtu habadiliki hivyo. Hadithi yenyewe haisemi hivyo pia, na ndiyo sababu kazi ya kwanza ya kiongozi wa kikundi ni kuisoma upya kabla ya kugawa nafasi.

Keti na kijana atakayeigiza Scrooge, mwe na daftari, na mwandike kila mahali ambapo moyo wa mzee huyu unalegea. Mtagundua kwamba anapofika kaburini amekwisha kulegea mara nyingi. Mara ya kwanza ni ndogo mno, na kwa sababu hiyo hukatwa bila huruma pindi igizo linapoonekana refu. Roho wa Krismasi Iliyopita anamrudisha kwenye shule aliyosoma, ambako mtoto mmoja ameachwa peke yake sikukuu huku wenzake wamekwenda kwao, naye anajiliwaza kwa vitabu hata Ali Baba wa Alfu Lela Ulela anamtokea dirishani. Mtoto huyo ni Scrooge mwenyewe. Mzee analia kwa kumhurumia, kisha anasema kwamba usiku uliopita kulikuwa na mtoto aliyekuja kuimba mlangoni kwake, na kwamba angependa kuwa alimpa chochote. Watazamaji waliona mwanzoni jinsi alivyomfukuza mtoto yule kwa kushika rula. Kwa hiyo sentensi hii moja inawaonesha kwamba huruma aliyoipata kwa nafsi yake imeanza kuvuka kwenda kwa mtu mwingine. Mwigizaji aiseme kwa sauti ya chini, kisha anyamaze kidogo kabla Roho hajamwongoza mbele. Asilie zaidi ya hapo.

Hatua zinazofuata zinajengwa juu ya hiyo. Mbele ya Fezziwig, tajiri aliyemfundisha kazi ujanani na ambaye kila mkesha wa Krismasi alifunga ofisi ili wafanyakazi wacheze dansi, Scrooge anajikuta akimtetea mkubwa huyo kwamba furaha anayowapa watu ni kubwa kana kwamba imegharimu mali nyingi, halafu anakatiza maneno yake ghafla kwa sababu amemkumbuka karani wake, Bob Cratchit. Mbele ya Belle, mchumba aliyemwacha huru baada ya kuona kwamba fedha imechukua nafasi yake, anaomba asioneshwe zaidi. Na Roho wa pili anapomjia, Scrooge anamwambia kwamba usiku uliopita alilazimishwa kujifunza, na sasa yuko tayari kufundishwa. Maneno hayo yako katikati ya hadithi, si mwishoni! Mwigizaji anayebaki na uso wa chuma mpaka kaburini anakuwa ameyapuuza, na toba yake haiwezi kuaminika kwa sababu haina mahali ilipoanzia.

Tendo la mkesha, yaani sehemu ya ofisini, lichezwe kwa usahihi mkubwa kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa kuwa kila kosa linalofanyika hapo litalipwa asubuhi ya Krismasi. Yapangeni makosa hayo wazi: anamkatalia mpwa wake mwaliko wa chakula, anawafukuza mabwana wawili wanaochangisha kwa ajili ya maskini, akiwauliza kama magereza na nyumba za kazi za maskini zimefungwa, na kuongeza kwamba wanaopendelea kufa kuliko kwenda huko wafe tu, wapunguze watu waliozidi, anamfukuza mtoto mwimbaji, na anamnung'unikia karani wake kwa kumlipa siku moja ya sikukuu bila kufanya kazi. Kila mgeni asimame mahali pake maalumu jukwaani na mahali hapo pawekwe alama ya chaki, kwa sababu asubuhi Scrooge atapitia alama hizohizo.

Kati ya wageni hao, mpwa ndiye atakayewagusa watazamaji wetu kuliko alivyowagusa hata wasomaji wa Uingereza. Fred ni mtoto wa Fan, dada yake Scrooge, aliyempenda sana na ambaye amekwisha kufariki. Mtazamaji wa Magomeni au Mbagala anajua mjomba ni nani kwa mtoto wa dada yake, hasa dada huyo akiwa marehemu, na hahitaji kuelezwa ubaya wa mjomba anayekataa kula kwa mpwa wake. Fred aseme "Shikamoo, mjomba" anapoingia, na Scrooge aendelee kuandika bila kuitikia. Katika mazoezi msiliharakishe jambo hili; ukimya baada ya shikamoo isiyojibiwa unafanya kazi ambayo kurasa mbili za maneno haziwezi kuifanya. Asubuhi, mjomba atakapobisha hodi kwa Fred na kuuliza kama bado anakaribishwa, shikamoo ile irudiwe, naye aitikie "Marahaba" kwa ukamilifu.

Baridi ni tatizo la kweli. Hadithi inatokea London katika majira ya baridi na ukungu, na Desemba ya Dar es Salaam ni ya jasho. Ukiwavika waigizaji makoti mazito, watateseka na watazamaji watawacheka. Msihamishie hadithi Kariakoo ili kulikwepa jambo hili, kwa kuwa mtapoteza makaa, na makaa ni kiini cha ubahili wenyewe. Scrooge anaweka sanduku la makaa chumbani mwake, na karani akithubutu kuingia na koleo anatishiwa kufukuzwa kazi, hata inambidi ajaribu kuota moto kwenye mshumaa. Mtazamaji wa hapa hajui baridi ile, lakini anajua vizuri kabisa mkaa unaopimwa kwa kopo na tajiri anayeufungia. Wekeni kipande kimoja cha mkaa ndani ya sinia ya bati mbele ya karani, mshumaa mezani, na shali nyeupe shingoni mwake, kwa kuwa Bob hana koti, hayo yatatosha.

Mshahara wake nao uangaliwe. Bob alilipwa shilingi 15 kwa wiki, wakati kitabu chenyewe kiliuzwa shilingi 5, lakini msimulizi akiyataja hayo jukwaani, watu watasikia shilingi za Tanzania na maana itapotea. Ni bora mke wa Bob aonekane akigawa chakula kwa uangalifu, kila mtoto apate kipande chake, na hakuna anayethubutu kusema kwamba pudingi ya Krismasi ni ndogo kwa familia kubwa kama ile.

Kuhusu roho, zungumzeni na paroko au mchungaji mapema, kwa sababu baadhi ya waumini watauliza mizimu imeingiaje katika igizo la kanisa. Jibu la kweli ni kwamba kazi ya roho hawa ni kumwonesha mtu maisha yake, na hakuna anayewaabudu wala kuwapa kafara. Mavazi yalinde maana hiyo. Msiwapake unga usoni kama vizuka vya filamu za kutisha. Kwa Roho wa tatu, ambaye hasemi neno lolote na ambaye mkono wake pekee ndio unaoonekana, tumieni shuka jeusi la kawaida. Msitumie buibui, ambalo ni vazi la stara la mama na majirani zetu, wala kaniki, ambayo wengi wataihusisha na uganga. Jacob Marley, mshirika aliyefariki miaka saba kabla, ndiye anayehitaji gharama kidogo, kwa kuwa mnyororo wake umeundwa kwa visanduku vya fedha, funguo, kufuli na vitabu vya hesabu. Mafundi wa Gerezani na wauzaji wa vyuma chakavu watawapatia vipande vya kufaa. Mlio wa mnyororo usikike kwanza nyuma ya jukwaa, ukikaribia, kabla mtu yeyote hajaonekana.

Halafu kuna kifo. Hapa ndipo ningeshauri kikundi kitumie nusu ya muda wake wa mazoezi, kwa sababu hakuna jambo ambalo watu wa jiji hili wanalielewa kwa kina kama msiba. Wenzetu wa mtaani hutandika mikeka, hufunga turubai, huchanga na kulala nje na wafiwa, hata kama marehemu walikuwa wakimsalimia tu njiani. Dickens anaonesha maiti ambayo haina hata mtu mmoja wa kuikalia. Wafanyabiashara wenzake wanasema kwamba mazishi yatakuwa ya gharama ndogo, na mmoja wao hana tatizo kwenda ikiwa chakula cha mchana kitatolewa. Mwanamke aliyekuwa akifanya usafi nyumbani kwake anauza mapazia ya kitanda na mablanketi, pamoja na shati alilolivua kwenye mwili wa marehemu. Wekeni kitanda kimoja chenye shuka lililofunika umbo la mtu, pembeni pasiwe na mkeka wala kiti, na mkiache jukwaani muda wote wauzaji wanapobishana bei.

Scrooge anapoomba aoneshwe mtu yeyote aliyeguswa na kifo hiki, anaoneshwa mume na mke waliokuwa na deni kwa marehemu, nao wanapumua kwa kuwa mdai wao amefariki. Sehemu hii huachwa na wengi. Isiachwe Dar es Salaam, ambako mikopo ya kausha damu imewakosesha akina mama wengi usingizi. Mke yule aingie akiwa amejiandaa kwa habari mbaya, afarijike, kisha aone aibu kwa kufarijika kwake na kuomba msamaha, kama ilivyo kitabuni. Baada ya hapo ndipo nyumba ya Cratchit ioneshwe ikimlilia Tiny Tim, mtoto mgonjwa wa mguu, ili msiba wenye upendo ufuate mara moja baada ya msiba usio na mtu. Katika tendo lililotangulia, Scrooge alimuuliza Roho wa pili kama mtoto huyo ataishi, akarudishiwa maneno yake mwenyewe kuhusu watu waliozidi, akainamisha kichwa. Sasa anaona jibu. Jiwe la kaburi lenye jina lake linapofunuliwa, mwigizaji hahitaji kupiga kelele, kwani anathibitishiwa tu jambo alilokuwa akiliogopa.

Asubuhi ya Krismasi ichezwe kwa furaha na kwa kasi, lakini furaha hiyo ipitie kwenye zile alama za chaki. Anamtuma kijana wa mtaani kununua bata mzinga mkubwa na kumpeleka kwa Bob. Anakutana na bwana mchangishaji, anamnong'oneza kiasi sikioni, na kumwambia kwamba ndani yake kuna malimbikizo mengi. Kiasi hicho Dickens hakukitaja, nanyi msikitaje. Anakwenda kanisani, kisha kwa mpwa wake. Kesho yake, Bob anapochelewa kazini, anajifanya mkali kwa muda mfupi, halafu anamwongezea mshahara na kumwagiza anunue sanduku jingine la makaa kabla hajaandika herufi moja zaidi. Tazameni jinsi makaa yanavyorudi. Msimulizi amalizie kwa kusema kwamba Tiny Tim hakufa, na kwamba baadhi ya watu walimcheka Scrooge kwa kubadilika kwake, naye akawaacha wacheke.

Igizo lisizidi saa moja na nusu. Dickens mwenyewe, aliyeanza kuisoma hadithi hii hadharani mjini Birmingham Desemba 1853, aliifupisha kwa ajili ya wasikilizaji. Chagueni tarehe kabla ya katikati ya Desemba, kwa kuwa baada ya hapo nusu ya waigizaji watakuwa kwenye Kituo cha Mabasi cha Magufuli wakielekea Moshi, Bukoba au Mbeya. Mvua za vuli zinaweza kuwakuta, hivyo ukumbi wenye paa ni salama kuliko uwanja, na igizo lipangwe ili liweze kuendelea kwa taa za sola umeme ukikatika. Sauti ya jenereta itamfunika Marley.

Mkiamua kukusanya michango mlangoni kwa ajili ya familia zenye uhitaji, msiziite familia hizo jukwaani. Scrooge alitaka Bob asijue ni nani aliyempelekea bata mzinga, na kikundi kinachoigiza hadithi yake kinapaswa kufanya vivyo hivyo. Fedha zihesabiwe usiku huohuo mbele ya mhasibu na mashahidi wawili, viongozi wa jumuiya watoe majina kwa siri, na mchele, mafuta na kuku wapelekwe kesho yake na watu wawili wasiovaa sare za kikundi, bila kupiga picha.