Inveta ya transista moja: vipi upate 0 na 1 za kweli

Kwanza tuelewane, inveta nnayosema hapa si ile ya sola mnayofunga majumbani umeme ukikatika, hii ni ya lojiki, ukiipa 1 (volti za juu) inatoa 0 (volti karibu na sifuri), ukiipa 0 inatoa 1, bas. Transista moja na rezista mbili tatu. Kwa udogo wake watu wanaidharau, na mie niliidharau nikahangaika nayo wiki nzima hapa Wete, Pemba, kwa sababu ya tangi la maji la ami yangu.

Kisa chenyewe ni hivi. Boya la kwenye tangi likijaa linatoa 5V, na mie nilitaka Arduino (kikompyuta kidogo cha kuongozea vitu) iliyoko stoo ipate 0 tangi likijaa ili izime pampu. Mezani kila kitu safi, napima 5V na 0.1V. Siku ya kufunga nikaona niongeze kitaa cha LED chekundu kutoka kolekta (mguu wa transista unaotoa jibu) kwenda grandi (0V) ami apate kuona kwa macho, basi hapo ndo balaa likaanza, pampu inawaka inazima inawaka, ami ananiuliza mwanangu hichi kidude kina jini nini. Napima ile 1 yangu naikuta 1.9V! LED nyekundu ikiwaka inashikilia volti zake kama 1.9 hivi, zilobaki zote zinaishia kwenye rezista ya kolekta. Arduino Uno ikiendeshwa kwa 5V inataka 3V kwenda juu ndo iamini kuwa ni 1, na 1.5V kwenda chini ndo iamini ni 0. Yangu ilikuwa katikati, si huku si kule.

Kwa hiyo kabla hujashika solda jiulize anaepokea anataka ngapi. Chip za lojiki za zamani, za TTL, zinakubali 1 kuanzia 2V na 0 mwisho 0.8V. 74HC, aina nyengine ya chip za lojiki, kwenye 5V inataka kama 3.5V na 1.5V. ESP32, kikompyuta chengine kama Arduino, yeye hataki kabisa kuona 5V kwenye pini yake, mwisho wake 3.3V, lakini hapo inveta hii ina raha yake, rezista ya kolekta unaipandisha kwenye 3.3V badala ya 5V na ishapona, huko kwenye besi (mguu wa kuingilia) hata kukiwa na 5V haimuhusu.

Haya tuhesabu. Chukua transista ya NPN, 2N3904 au BC547 (angalia miguu! ukiielekeza ubapa kwako miguu chini, 2N3904 inaanza na emita (mguu wa kwenda grandi) kushoto, BC547 inaanza na kolekta, nshawahi kuzichanganya nikalaumu duka bure). Emita grandi. Kolekta weka rezista ya 1k (ohm 1000) kwenda 5V. Transista ikifunguka sawasawa, kolekta inabaki na kama 0.2V au chini yake, kwa hiyo mkondo ni 4.8 ugawe kwa 1k, yaani 4.8mA. Sasa hapa wengi wanakosea, wanasoma kwenye datashiti (karatasi ya sifa zake) kwamba transista inakuza mara 200 wanaipa besi mkondo kiduchu. Hiyo 200 ni ya kukuza sauti, si ya suichi. Ukitaka 0 iwe 0 kweli ishibishe, yaani ifunguke mpaka mwisho, hesabu kama inakuza mara 10 tu. Yaani besi ipate 0.48mA. Besi yenyewe inakula 0.7V, zinabaki 4.3V, gawa kwa 0.48mA unapata kama 9k, chukua 8.2k iliyo karibu.

Halafu weka rezista ya 10k kutoka besi kwenda grandi. Usiiache hii, najua inaonekana ya urembo tu. Anaekuletea 0 halazimiki kukuletea 0V kavu, TTL inaruhusiwa kutoa mpaka 0.4V, na kwenye waya mrefu wenye kelele inaweza kufika 0.8V. Bila ya ile 10k hiyo 0.8V inaanza kuiamsha transista, na ile 1 yako unayoingojea inaweza kushuka chini ya 3V huku wewe unashangaa. Ukiwa nayo, kwenye besi inafika kama 0.44V tu, transista imelala. Gharama yake ni 0.07mA, si kitu.

Na mzigo. Ile 1 haitoki kwenye transista, inatoka kwenye rezista ya kolekta, transista imelala zake, kwa hiyo kila anaevuta mkondo anaishusha. Mfano inveta yako ikiendesha inveta nyengine kama hiyo (isahau 10k kidogo), 1 inashuka mpaka 4.5V. Zikiwa tatu inafika kama 3.85V. Bado 74HC itakubali, lakini nafasi inaisha, ongeza mbili tatu hapo uone. Ukipunguza rezista ya kolekta 1 inakuwa na nguvu zaidi, ila mkondo wa kolekta unapanda na besi unatakiwa uilishe zaidi, huwezi kula huku na huku.

LED ya ami niliihamisha, sasa inatoka 5V na rezista yake ya 1k inaingia kolekta, inawaka inveta ikitoa 0, yaani tangi limejaa, na ikizima haimgusi mtu. Lakini imeleta karibu 3mA zake kwenye kolekta, jumla kama 7.7mA, kwa hiyo besi nikaibadilisha kutoka 8.2k kuwa 4.7k. Kama unaendesha relei ya kuwaka kwa 0 ni hesabu hiyo hiyo, mkondo wake unaingia kwako.

Spidi sikuigusa kwa sababu boya halina haraka, ila ukitaka kupitisha data jua kwamba transista iloshiba inachelewa kutoka kwenye shibe ikalala, na rezista kubwa ya kolekta na waya mrefu inafanya 1 ipande kwa kujivuta.

Mwisho pima na kila kitu kimeungwa, si mezani peke yake. Na msiniachie bredibodi (ubao wa kuchomeka vitu bila ya solda) juu ya paa huku kwetu, upepo wa bahari una chumvi, miezi michache vile vibati vya ndani vinaliwa na 0 yako inakuwa 0.6V bila ya transista kuwa na kosa lolote. Solda, kisha paka varnishi.