Ukimfundisha Robert Smalls, usiishie kwenye meli

Vijana wanaokuja barazani kwangu Ngamiani, Tanga, siku za Jumamosi wengi wana baba au mjomba bandarini. Ukiwatajia Robert Smalls wa jimbo la South Carolina, Marekani, watataka kisa cha meli tu. Nami siwanyimi, maana ni kitamu: usiku wa kuamkia 13 Mei 1862, mtumwa wa miaka 23, mshika usukani wa Planter, meli ya jeshi la Kusini lililopigania utumwa, anang'oa nanga Charleston maofisa weupe wakiwa wamelala mjini. Anapita kuwachukua mkewe na watoto, anavaa kofia ya nahodha, anapiga honi zinazotakiwa mbele ya ngome ya Fort Sumter, na alfajiri anaikabidhi meli kwa wanamaji wa Kaskazini, upande wa serikali kuu katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kisimulie kwa dakika tano, basi. Alifariki 1915. Mwalimu akiishia kwenye meli, ameruka zaidi ya miaka 50.

Baada ya hapo chora ubaoni safu tatu: mwaka, cheo, na nani aliyempa cheo hicho. Mwaka 1868, mjumbe wa mkutano wa katiba ya jimbo, kisha mjumbe wa baraza la chini la bunge la jimbo. Mwaka 1870, seneti ya jimbo. Mwaka 1875, Kongresi, yaani bunge la taifa, huko Washington. Mwaka 1889, mkuu wa forodha katika bandari ya Beaufort, alikozaliwa. Safu ya tatu waache waijaze wenyewe. Wataona kwamba vyeo vyote alipewa kwa kura, isipokuwa forodha, ambayo ni uteuzi wa Rais. Vijana wa Tanga hawahitaji kuelezwa uzito wa cheo cha forodha.

Watakapochanganya bunge la jimbo na Kongresi, usihutubu. Waambie wafikirie Baraza la Wawakilishi la Zanzibar na Bunge la Dodoma. Havilingani kila kitu, ila somo linasogea. Ongeza kwamba hadi 1913 maseneta wa Washington kwa kawaida walichaguliwa na mabunge ya majimbo, si na wananchi moja kwa moja. Hapo wataelewa kwa nini watu waliwania viti vya jimbo kufa na kupona.

Mwaka 1868 usiupite mbio. Smalls, aliyejifunza kusoma akiwa mtu mzima, alipigania shule za umma za bure na za lazima kwa watoto wote wa jimbo. Kwangu mimi hiyo ni kazi kubwa kuliko kuiba meli, na huwaambia hivyo waziwazi. Wengine hununa.

Kesi ya 1877 usiifiche. Mwaka huo majeshi ya serikali kuu yaliacha kuilinda serikali ya South Carolina ya Republican, chama cha Smalls kilichoungwa mkono na weusi, na Democrats, chama cha weupe waliowapinga, wakashika madaraka. Smalls akashtakiwa kwa rushwa ya dola 5,000, akatiwa hatiani, na 1879 gavana akamsamehe. Ligawe darasa: upande mmoja umtetee, mwingine umshtaki, na kila upande utaje nani alifaidika na hukumu ile. Atakayejibu "wanasiasa wote wezi" mrudishe kwenye safu ya tatu.

Malizia na mkutano wa 1895 ulioandika katiba mpya ya jimbo. Andika masharti ya kupiga kura ubaoni: uwe umekaa jimboni miaka miwili, umelipa kodi ya kichwa, na uweze kusoma na kuandika kifungu cha katiba au uwe na mali ya dola 300 iliyolipiwa kodi. Usitaje rangi ya mtu, kwa sababu masharti yenyewe hayakuitaja. Waulize yanamlenga nani, na ni nani atakayeamua kama mtu amesoma vizuri. Wakishabishana ndipo uwaambie kwamba wajumbe weusi walikuwa sita tu, Smalls mmojawapo, na kwamba alikataa kutia saini katiba hiyo.

Muda ukibana, punguza kwenye meli.