Begi moja kwa Dodoma, Njombe na Unguja: namna ya kuchagua nguo za safari

Mwezi wa Julai, msafiri anayeondoka Dar es Salaam kwa siku kumi na mbili anaweza kupitia hali tatu za hewa bila kuvuka mpaka wa nchi. Chukua mfano wa safari ambayo mimi huifanya karibu kila mwaka kwa sababu ya kazi na ya ukwe: treni ya SGR hadi Dodoma kwa vikao vya siku tatu, basi la kupitia Mtera hadi Iringa, kisha Makambako na Njombe kuwaona wakwe, halafu kurudi Dar es Salaam na kupanda boti kwenda Unguja kwa siku tatu za mwisho. Dodoma kuna ukavu, asubuhi zake zina upepo, na vumbi lake hupenya hadi ndani ya kola. Njombe, iliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Julai hushuka chini ya nyuzi 10. Ukifika Unguja jasho linaanza upya. Safari yote hiyo inawezekana kwa begi moja la mgongoni la lita 35 hadi 40, lenye uzito usiozidi kilo 8, mradi nguo zichaguliwe kwa hesabu.

Hesabu yenyewe ni ya ufuaji, na hapo ndipo wengi tunapokosea. Mara ya kwanza nilipokwenda Njombe nilibeba sanduku la magurudumu lenye blauzi saba, kwa hoja kwamba siku saba zina blauzi saba. Gurudumu moja lilibaki kwenye changarawe za stendi, sanduku likabebwa kichwani na kijana ambaye bei yake ilipanda kila tulipopiga hatua, na niliporudi nyumbani blauzi tatu zilikuwa bado na mistari ya pasi ileile niliyoipiga kabla ya kuondoka. Ukikubali kufua kila baada ya siku tatu, mahitaji ya siku kumi na mbili na ya siku thelathini yanakuwa yaleyale: nguo nne za juu, mbili au tatu za chini, na nguo za ndani tano. Kinachobadilika safari ikirefuka ni ukubwa wa kipande cha sabuni tu.

Kwa kuwa unategemea kufua, sifa ya kwanza ya nguo ya safari ni kwamba ikifuliwa jioni iwe imekauka asubuhi. Suruali ya jinzi hushindwa mtihani huo vibaya sana. Ni nzito, nyingi hukaribia robo tatu ya kilo zikiwa kavu, na katika ukungu wa Njombe niliwahi kuianika moja kwa siku mbili kamili. Mapaja yalikuwa yamekauka, lakini nilipopitisha kidole kwenye mshono wa kiunoni na kwenye mfuko wa ndani, maji yalikuwa bado yamo, na harufu ilikuwa imeanza. Suruali ya kadeti nyepesi, sketi ya kitambaa kilichochanganywa pamba na polyester, au suruali ya kitambaa laini cha kushonesha kwa fundi, hufanya kazi yote ya jinzi na hukauka kwa usiku mmoja. Pamba tupu ni nzuri kwa joto la Unguja kwa sababu hunywa jasho na kupitisha hewa, lakini kwa sababu hiyohiyo hukawia kukauka mahali penye baridi, hivyo nguo nzito za pamba ziachwe nyumbani na zile nyepesi zibebwe.

Huko ukweni au katika nyumba ya wageni isiyo na mahali pa kuanika, ipo namna ya kukausha ambayo hupunguza muda kwa zaidi ya nusu. Kamua nguo kwa mikono, itandaze juu ya kanga kavu au taulo, viringisha vyote viwili pamoja kama jamvi, kisha kanyaga mviringo huo kwa miguu isiyo na viatu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Utaona kanga ikilowa na nguo ikitoka na unyevu kidogo tu, tayari kutundikwa kwenye kamba ndani ya chumba. Beba mita tatu za kamba nyembamba na vibanio vinne. Uzito wake hauhisiki.

Unaponunua nguo za mitumba, ambako kwa maoni yangu ndiko zinakopatikana nguo nzuri za safari kuliko madukani, kuna vipimo viwili vya haraka. Kunja sehemu ya kitambaa ndani ya kiganja, ibane kwa nusu dakika, kisha iachie: ikibaki na makunyanzi makali kama karatasi, irudishe kwenye fungu, kwa maana itakudai pasi kila siku. Halafu soma lebo ya mshono wa ndani. Sweta jembamba la sufu halisi linaweza kuwa limezama chini ya masweta kumi ya plastiki kwa bei ileile, na ndilo utakalolishukuru Njombe, kwa sababu sufu huendelea kutunza joto hata ikipata unyevu na haishiki harufu ya mwili haraka.

Baridi yenyewe ina kanuni inayokadirika. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 hadi 7, kwa hiyo mtu aliyetoka usawa wa bahari hadi Njombe amepoteza karibu nyuzi 13 bila hata kuhesabu upepo. Watu wengi hujibu hali hiyo kwa koti moja kubwa, ambalo hujaza nusu ya begi na halina kazi yoyote siku nane zinazobaki. Jibu jepesi zaidi ni kuvaa tabaka: fulana inayobana mwili kidogo, juu yake blauzi au shati la mikono mirefu, juu yake sweta la sufu, na mwisho jaketi jembamba la kuzuia upepo na mvua. Vinne hivyo kwa pamoja vinatosha kwa usiku wa Njombe, na kila kimoja kina kazi yake kwingineko: fulana ni ya kulalia Unguja, shati ni la kikaoni Dodoma, na jaketi ndilo utakalolihitaji juu ya sitaha ya boti, ambako upepo na matone ya maji ya chumvi huwashangaza waliovaa kwa ajili ya ufukwe. Ongeza soksi nzito jozi moja na mzula wa kichwani. Anayepanda zaidi, hadi Makete au uwanda wa Kitulo unaofika mita 2,600 na ambako umande huganda, aongeze suruali ya ndani ya kubana na glavu.

Sasa kanga, ambayo ningeiweka ya kwanza kama ningelazimishwa kubaki na kitu kimoja. Doti moja, yaani vipande viwili vya takriban sentimita 150 kwa 110 kila kimoja, haifiki nusu kilo na huchukua nafasi ya taulo, shuka, vazi la kulalia, mtandio wa kujifunika kwenye basi lenye kiyoyozi kikali, na pazia la dirisha lisilo na pazia. Ukweni, mkwe anayeingia jikoni bila kanga kiunoni huonekana mgeni. Na ikitokea taarifa ya msiba ukiwa safarini, jambo ambalo halitoi miadi, mwanamke mwenye doti begini yuko tayari kwenda kukaa na wenzake bila kuazima. Tahadhari ni mbili. Kanga mpya ina wanga na hutoa rangi, kwa hiyo iloweke na uifue peke yake mara mbili kabla ya safari, la sivyo blauzi yako nyeupe itarudi na rangi ya waridi. Ya pili ni jina lake: kanga husomwa, na ile ya mafumbo uliyoipenda Kariakoo inaweza kusomwa na mama mkwe kana kwamba umemletea ujumbe. Kwa safari chagua yenye maneno ya heri. Mwanamume apate huduma hizo karibu zote kwa kikoi kimoja cha pamba.

Rangi zipangwe ili kila nguo ya juu iendane na kila nguo ya chini. Rangi mbili za msingi zinatosha, kwa mfano kijivu na kahawia, halafu rangi moja ya kuchangamsha iwe kwenye kanga au mtandio. Kwa mpango huo blauzi nne na nguo tatu za chini hutoa mavazi kumi na mawili tofauti, na hakuna mjumbe wa kikao atakayekumbuka kwamba sketi ya Jumatatu ndiyo ya Jumatano. Nyeupe huonyesha vumbi la Dodoma kabla ya saa nne asubuhi, na nyeusi huonyesha vumbi hilohilo kwa namna nyingine.

Viatu ndivyo vizito kuliko vyote, na jozi ya tatu haina ruhusa. Vaa raba za rangi iliyotulia, zinazokubalika na suruali ya kikaoni, na ubebe malapa kwa ajili ya bafuni na ufukweni. Ambaye kazi yake inadai viatu rasmi achague vile vya ngozi laini visivyo na kisigino anavyoweza kutembea navyo kutwa, avivae safarini, na raba azisahau. 

Wakati wa kupakia, viringisha fulana, sketi na nguo za ndani. Kunja bapa shati la kikaoni na uliweke juu ya vyote. Usitegemee mifuko ya plastiki ya kubebea kutenganisha nguo chafu na safi, kwa sababu imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 2019, Kenya tangu Agosti 2017 na Rwanda tangu 2008, na msafiri huweza kutakiwa kuiacha mpakani au uwanja wa ndege. Mwombe fundi cherehani akushonee vifuko vitatu vya vitambaa vilivyobaki, vyenye kamba ya kuvuta mdomoni. Usiku kabla ya safari, peleka begi kwenye mizani ya duka la jirani. Likizidi kilo 8, usianze kupima vitu vidogo. Toa nguo moja nzima, na mara nyingi ni ile uliyoiweka kwa kusema "huenda".

Begi hilohilo hubadilishwa kidogo kwa safari nyingine. Kwa hifadhi za wanyama, toa nguo za buluu na nyeusi, rangi zinazowavutia mbung'o, ndiyo maana hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vaa za rangi ya ugoro au udongo, zenye mikono mirefu. Nguo za mabaka ya kijeshi zisiwemo kabisa, kwa kuwa raia haruhusiwi kuzivaa Tanzania wala Uganda, hata kama dukani ziliuzwa kama urembo. Ndege ndogo za kwenda hifadhini kwa kawaida hupokea kilo 15 tu, tena katika begi laini lisilo na fremu. Kwa Mji Mkongwe, mabega na magoti yafunikwe, na dera jepesi hutimiza hilo bila kukuchemsha. Vazi la kuogelea libaki ufukweni. Kwa Mlima Kilimanjaro, wenye mita 5,895, pamba haifai kuvaliwa karibu na mwili kwa sababu hubaki na jasho likakupoza, na koti zito la kileleni ni heri likodiwe Moshi kuliko kulisafirisha. Kwa safari ya ndege ya kimataifa bila mzigo wa chini, mashirika mengi huruhusu kilo 7 mkononi, na vimiminika viwe ndani ya chupa zisizozidi mililita 100. Sabuni ya kipande haihesabiwi humo, sababu nyingine ya kuipendelea.

Siku ya kuondoka vaa vilivyo vizito: raba, suruali nene kuliko nyingine, na jaketi, hata kama Mbezi kuna joto. Chini kabisa ya begi weka mkoba wa kukunja ulio mtupu. Hakuna anayeruhusiwa kutoka Njombe mikono mitupu, na viazi na maparachichi ya ukweni hayaulizi kama ulipanga kusafiri mwepesi. Gunia litaingia kwenye buti la basi, mkoba utajaa maparachichi, na begi la nguo litakaa mapajani pako kama lilivyokuja.