Kabla mchezaji wako hajapasuliwa goti

Goti likivimba baada ya kujigeuza vibaya uwanjani, maji ya moto na mkandaji marufuku. Barafu, bandeji, mguu juu, kisha hospitali. Kama lilisikika "pa!" na uvimbe ukaja ndani ya saa chache, shukuni ACL, kano ya ndani inayozuia mfupa wa muundi usichomoke kwenda mbele.

Msikimbilie kisu, isipokuwa daktari aseme kuna kilichonasa ndani. Goti liingie chumba cha upasuaji likiwa limetulia, linanyooka na paja linakaza. Mazoezi ya viungo yanaanza hapo, kabla ya upasuaji.

Michango isiishie kwenye upasuaji. Tengeni pesa za fiziotherapia ya miezi, pamoja na nauli. Choo cha nyumbani ni cha kuchuchumaa? Tafuteni kiti mapema. Bodaboda asahau kwanza.

Sasa mto. Tulikuwa na winga, binti mwenye mbio za ajabu, na upasuaji wake ulikwenda vizuri. Nyumbani mama yake, kwa huruma, akawa anamwekea mto chini ya goti kila usiku, kwa kuwa goti likikunjwa kidogo haliumi. Nyuzi zikatolewa, kidonda kikavu, watu wakapongezana. Hakuna aliyeangalia kama nyuma ya goti inagusa kitanda. Likaganda. Magongo aliyaacha akabaki anachechemea, paja limenywea, maana goti lisiponyooka msuli wa mbele ya paja haukazi sawasawa. Akarudishwa kupasuliwa tena, kuondolewa makovu ya ndani, na msimu ukaishia hapo.

Mto unakaa chini ya kisigino, goti lining'inie lenyewe. Linauma, ndiyo. Mwelezeni mama kabla, na bibi, na yeyote atakayelala naye chumba kimoja, kwa sababu saa nane za usiku mchezaji atachagua kisichouma.

Tarehe ya kurudi uwanjani msimwahidi mtu. Miezi 9 ni kiwango cha chini, na hata ikifika, mguu ulioumia upimwe nguvu na kuruka, ufikie angalau asilimia 90 ya mwenzake. "Najisikia fiti" si kipimo. Kiongozi akija na bahasha wiki ya fainali, mwonyesheni mlango. Dawa ya maumivu asimeze ili apate kucheza. Na shavu la mguu likivimba na kuuma, au homa ikipanda, hospitali siku hiyo hiyo, msisubiri kliniki ya Jumatatu.